Gurudumu la Upande wa Dereva

Kila asubuhi saa moja, kabla hajafungua rejista, Benita alikata mkate mmoja vipande viwili. Kimoja kilikuwa chake. Kingine alimpa Gustave, polisi wa zamu, akipeleke kasho, chumba cha mahabusu, kwa yeyote aliyelala humo. Alikuwa akifanya hivyo tangu aletwe Kalembe kuwa afisa wa upelelezi, OPJ kama wanavyoita huko, miezi mitatu sasa, kwa sababu mtu aliyefungwa hula mkate wa serikali, na serikali pale haikuwa na mkate.

Asubuhi ile kisu kilikuwa bado katikati ya mkate mlango ulipofunguka kwa teke. Gunia likatua mezani kwa kishindo, chai ikaruka hadi kwenye rejista.

"Madame OPJ, bonjour," alisema Mama Kavuo. "Unakatia muhalifu mukate? Basi kata na hii."

Mama Kavuo alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo, mwanamke mnene mwenye rozari shingoni na sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mlima. Alikuwa na duka Kalembe, na jeep kuukuu ya kijani iliyoandikwa nyuma *Wasingya*, yaani asante kwa Kinande. Jeep hiyo ndiyo iliyokuwa ikishusha maharagwe ya Masisi kwenda Mpofi, upande wa Walikale. Sasa ilikuwa imelala kifudifudi katika shamba la mihogo la mtu.

"Nimetuma watu watoe breki zote mbili za mbele," aliendelea. "Njo hizi. Moja nzima, moja imevunjika kama biskuti. Lévi aliniuzia vyuma ya uongo. Saa sita leo otoo ya parquet, ya mwendesha mashtaka, inapita. Asipopanda, nitajua polisi na fundi munakulaka ku sahani moja."

"Saa arobaini na nane za sheria za kumshikilia zinaisha saa sita, Mama," Benita alijibu, akifuta rejista kwa mkono wa shati. "Sasa ni saa moja."

"Nitarudi saa tano na nusu. Nitakaa pale ku banki, niangalie."

Alionyesha benchi la uani, akatoka. Nje, juu ya jiwe kando ya mlango, alikuwa ameketi Kétsia, mke wa Lévi, mwenye mimba ya miezi minane. Alikuwa hapo tangu jua lichomoze. Mama Kavuo alipita mbele yake bila kumtazama. Kisha akarudi hatua mbili, akavua shali yake, akamtupia magotini.

"Baridi," alisema kwa hasira, akaenda zake.

Benita alifungua gunia. Mambo yenyewe aliyajua. Mwezi mmoja uliopita Mama Kavuo alichoka na breki za zamani za jeep yake. Zilikuwa za ngoma: viatu vya breki vinasugua ndani ya chungu cha chuma kilichofunikwa, na kwenye mteremko mrefu chungu hicho kinachemka mpaka kinanuka. Lévi, fundi aliyejifunzia kazi Goma, aliziondoa za mbele akafunga za diski, bamba la mviringo lililo wazi kwa upepo, linalobanwa huku na huku. Kwa wiki tatu jeep ilishuka milima kama mbuzi. Juzi, kwenye mteremko wa Mpofi, diski moja ilivunjika, kipande chake kikakata mpira wa mafuta ya breki, na kanyagio likazama hadi chini. Dereva, Mumbere, alikuwa peke yake na magunia ya maharagwe. Aliielekeza jeep kwenye mihogo badala ya korongo. Alivunjika mkono.

Lévi alitolewa kasho. Alizipokea zile nusu mbili za diski kwa mikono yote miwili, kama mtu anayepokea mtoto mgonjwa.

"Mama yangu," alinong'ona. "Imepasuka namna hii?"

"Mama Kavuo anasema ni ya uongo."

"Chef, zote mbili zilitoka mu karto moja. Angalia." Alitema mate kidogo kwenye ukingo wa diski nzima, akasugua kwa kidole gumba. Namba ikatokea. Akafanya vivyo hivyo kwa ile iliyovunjika. Zilikuwa namba zile zile, muhuri ule ule. Gustave alitumwa gereji, akarudi na boksi. Namba ya boksi ililingana nazo.

"Ingekuwa ya uongo, zote mbili zingekuwa za uongo," Benita alisema.

"Ao moja ilikuwa ya uongo kidogo," alisema Gustave.

"Gustave, kunywa chai yako."

Benita alizisogeza diski dirishani. Diski nzima ilikuwa safi na laini. Ile nyingine, chuma chake kilikuwa kimepata rangi ya bluu, na uso wake wote ulikuwa na nyufa nyembamba kama mistari ya kiganja, zikitoka katikati kwenda ukingoni. Nyufa hizo hazikuwa za siku moja. Nyingine zilikuwa na kutu ndani, nyingine ziling'aa bado.

Benita alizipitishia ukucha. Alizaliwa Shasha, kando ya ziwa, na baba yake alikuwa mvunja mawe ya barabara. Alikuwa anawasha moto juu ya mwamba asubuhi, na mchana anauendea na ndoo ya maji baridi ya ziwani. Mwamba ulilia mara moja tu, kisha ukaachana wenyewe. Kabla ya kuachana, ulikuwa na nyufa kama hizi.

"Lévi, diski ikiwa ya moto, mtu akaimwagia maji?"

"Anaiua!" Lévi aliruka. "Ni kitu ya kwanza nilimukataza Mumbere. Ngoma ni munene, inavumilia. Tuko tunamwangia ngoma maji toka zamani za baba zetu. Lakini diski iko uchi. Nilimuambia mara tatu: Mumbere, zamani ya maji imeisha, hii inapoa na upepo. Akasema, nimesikia."

"Na hii iliyovunjika ilikuwa gurudumu gani?"

"Ya kushoto. Upande wa shofere."

Benita aliandika: *kushoto tu*. Akapiga mstari chini ya neno la mwisho.

Mumbere alikuwa kwenye kitanda cha mwisho katika kituo cha afya, mkono umefungwa shingoni. Alikuwa mtu mkubwa, mpole, wa miaka arobaini hivi, aliyeongea kana kwamba kila neno alikuwa analibeba mgongoni. Kwenye kiti pembeni yake kulikuwa na bakuli la bluu lenye kifuniko chekundu kisichokuwa chake. Ndani, viazi vitamu na maharagwe, nusu vimeliwa.

"Pole, Papa Mumbere. Juzi ulitoka Kalembe saa ngapi?"

"Saa moja, Chef."

"Ukaanguka?"

"Saa tatu hivi."

"Gustave anasema mpaka pale ulipoanguka ni mwendo wa saa moja na nusu kwa jeep yenye mzigo."

"Barabara iko mubaya."

"Njiani ulisimama wapi?"

"Fasi yoyote hapana."

"Hata pale kwenye kijito, katikati ya mteremko? Naambiwa madereva wote husimama."

"Hata. Lévi alikataza maji."

Benita aliinua kalamu. "Sikukuuliza maji. Nimekuuliza kusimama."

Mumbere alitazama dari. Kijasho kikamtoka juu ya mdomo.

"Chakula hiki kimeletwa na nani?"

"Ndugu."

"Ndugu wa Butembo?"

"Ndugu tu."

"Papa Mumbere, saa sita Lévi anapandishwa gari la parquet. Mke wake ameketi nje juu ya jiwe na mimba ya miezi minane."

Mumbere alifumba macho. Alipoyafumbua, alinyoosha mkono mzima, kana kwamba pingu zilikuwa tayari.

"Unifunge miye, Chef. Andika nilikuwa nakimbiza."

"Ulikuwa unakimbiza?"

Alifikiri. Kusema uongo kulimshinda.

"Hapana."

"Basi siwezi kuandika."

Benita aliliangalia tena lile bakuli, kisha akamwita Gustave awashe pikipiki.

Barabara ya Mpofi inaanza juu kwenye malisho ya ng'ombe, halafu inajitupa chini kuelekea msitu. Hewa ilinukia udongo mbichi. Gustave alishuka taratibu, miguu ikiburuta pande zote mbili, akiomba kwa sauti kila kona. Walipofika kwenye ile mihogo, *Wasingya* ilikuwa imelala kwa pua. Benita alitafuta barabarani mpaka akapata mkwaruzo wa kwanza, mahali chuma kilipogusa mawe. Kutoka hapo alirudi mlimani akihesabu hatua. Alihesabu mia mbili na sitini, mguu wake ukakanyaga matope ya kijito.

"Mbali hapana," alisema Gustave.

"Hapana."

Kando ya kijito kulikuwa na kibanda cha turubai. Mbele yake palipangwa bidoni tano za njano zilizojaa maji, kwa ajili ya dereva yeyote mwenye breki zinazonuka. Ya sita ilikaa peke yake, mpini wake umezungushiwa kitambaa cha kitenge ili usiume mkono. Juu ya moto kulikuwa na sufuria nyekundu. Kifuniko chake kilikuwa cha bluu.

Mwanamke aliyeichochea alisimama haraka alipoona sare.

"Chef, karibu. Mumbere iko namna gani? Anakula?"

Benita alikuwa hajataja jina la mtu.

"Anakula. Bakuli limefika nusu."

"Nusu tu?" Mwanamke alikunja uso, kisha akajikuta anatabasamu, akainamia moto kulificha tabasamu hilo. Jina lake lilikuwa Olga. Alikuwa mkulima wa hapo mlimani, mjane wa miaka sita, na viazi vyake vilijulikana mpaka Mpofi.

"Mama Olga, Mumbere husimama hapa?"

"Kila safari. Miaka ine sasa. Anashuka, breki inanuka, anasimama, ninamumwangia maji. Wengine wanajimwangia. Yeye ninamumwangia miye, sababu iko na mugongo mubaya."

Gustave, aliyewahi kumwona Mumbere akipakia magunia mawili kwa mkupuo, alitazama mawingu.

"Na juzi?"

"Hata juzi. Nilimwanga bidoni nzima. Ile breki ya mupya ikalia shiii, mingi kupita ya zamani. Nikacheka. Nikamuambia, Mumbere, breki yako inalia kama mutoto mwenye kuogeshwa. Naye akacheka. Tukaongea kidogo."

"Kidogo kama nusu saa?"

Olga alifunika sufuria, akaifunua tena.

"Ulilimwagia gurudumu gani?"

"Ile ya upande wake."

"Na ile ya upande wa pili?"

Olga aliuacha mwiko sufuriani. Mkono wake ulikwenda kwenye ile bidoni ya sita, ukashika kile kitambaa.

"Ile ingine," alisema polepole, "iko mbali na dirisha."

Gustave alikohoa. Benita alifunga daftari, akaitia kalamu mfukoni. Sehemu hii hakutaka kuifanya akiwa na kalamu mkononi. Akakaa kwenye gogo, akamweleza: ngoma na diski, moto na maji, ule mwamba wa baba yake. Alimweleza pia kuhusu Lévi, na saa sita.

Olga alisikiliza hadi mwisho. Kisha akainua ile bidoni, akaimwaga yote kwenye majani.

"Alijua?"

"Aliambiwa mara tatu."

"Na aliniacha nimwange." Hakuwa anauliza. "Angeweza kufa pale chini, na mukono yangu njo ingekuwa imemuua. Anacheka, naye anajua."

Alivua aproni, akamwita jirani achunge sufuria, akajifunga kitenge upya kwa nguvu.

"Pikipiki inabeba watatu?"

"Kwa mlima huu?" Gustave alianza.

"Inabeba," alisema Benita.

Walifika Kalembe saa sita kasoro dakika ishirini. Gari la parquet lilikuwa tayari uani, injini inanguruma. Mama Kavuo alikuwa kwenye benchi kama alivyoahidi. Kétsia alikuwa bado kwenye jiwe, shali mabegani. Mumbere, aliyeitwa kwa barua, alisimama karibu na ukuta, lile bakuli la bluu kwapani. Lévi alikuwa mlangoni mwa kasho, viatu mkononi.

Mumbere alipomwona anayeshuka kwenye pikipiki, bakuli nusura limponyoke.

Olga hakumtazama. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye benchi.

"Mama, hatujuane. Miye ni Olga, muuza viazi wa kijito. Breki yako, njo miye niliiua. Na maji. Fundi haiko na makosa. Kama otoo ile inataka muntu, nitapanda."

"Weye?" Mama Kavuo alimpima kutoka kichwani hadi miguuni. "Na maji?"

"Hapana!" Ilikuwa sauti ya Mumbere, na ilikuwa kubwa hata dereva wa parquet akazima injini ili asikie. "Yeye hakujua. Ni miye nilijua. Lévi aliniambia."

"Mara ngapi?" aliuliza Benita, kalamu tayari.

"Mara tatu."

"Na tangu breki mpya zifungwe, Olga amezimwagia maji mara ngapi?"

"Kila safari. Mara kumi na moja."

"Kwa nini ulificha?"

"Niliona Mama Kavuo atamupeleka mu tribinali. Iko na kibanda tu, Chef. Nikasema, Lévi ni mwanaume, ataachiliwa. Nilifanya mubaya." Alimgeukia fundi. "Ndugu yangu, nilifanya mubaya. Unisamehe."

Benita alisoma maelezo kwa sauti: namba mbili zinazolingana, nyufa za gurudumu moja tu, hatua mia mbili na sitini kutoka kwenye maji, nusu saa iliyopotea, ushahidi wa mashahidi wawili. Aliweka karatasi mbele ya Mama Kavuo. Mama Kavuo hakuisoma. Alikuwa anatazama bakuli la bluu lililo kwapani mwa dereva wake, na kifuniko chake chekundu.

"Miaka kumi unanifanyia kazi," alimwambia Mumbere. "Nimekuletea wasichana watatu toka Butembo. Ya kwanza mwalimu! Wote ukasema, Mama, siko tayari. Kumbe ulikuwa unapikiwa viazi ku kijito!"

"Mama…"

"Nyamaza. Mukono ikipona, ile mihogo uliponda utaipanda upya, shina kwa shina, mbele ya mwenye shamba. Kisha utarudi ku usukani, na Lévi atafunga diski ingine, na utamusikiliza." Akatia saini ya kuondoa mashtaka kwa nguvu hata karatasi ikatoboka. "Madame OPJ, ule mukate wako umebaki?"

"Kipande, Mama."

"Mupe bibi ya Lévi."

Lévi alikuwa ameshavaa kiatu kimoja. Alipita mbele ya Mumbere akirukaruka kwa mguu mmoja, akasimama.

"Siku mbili," alisema. "Siku mbili nalala na viroboto, sababu weye unapenda kuongelea dirishani. Mutoto akizaliwa, utamubeba ku ubatizo, na mukono yako hiyo moja." Kisha akacheka, akamkimbilia Kétsia, kiatu cha pili kikiwa bado mkononi.

Gari la parquet liliondoka tupu. Gustave alifungua mlango wa kasho wazi kabisa ili hewa ipite. Benita angeweza kuingia ndani kufunga rejista, lakini alibaki kwenye kizingiti, kwa sababu uani kulikuwa bado na swali moja, na halikuwa lake kuliuliza.

Olga alikuwa amesimama hatua tatu mbele ya Mumbere, mikono imefungwa kifuani.

"Ungeniambia neno moja tu," alisema. "Olga, acha maji. Ningeacha. Neno moja. Sababu gani hukuniambia?"

Mumbere alitazama chini. Alilihamisha bakuli, akalirudisha. Mama Kavuo alivuta pumzi kutaka kumjibia, Benita akamgusa bega.

"Ningekuambia acha maji," Mumbere alianza, "ningesimama pale sababu gani?"

"Sijui. Sema weye."

"Olga…"

"Miaka ine namwanga maji, Mumbere. Sema."

Akainua kichwa. Jasho lilimtiririka kama mtu aliyepakia lori zima, lakini safari hii sauti haikumkwama.

"Ile siku ya kwanza, miaka ine imepita, breki haikukuwa moto. Ilikuwa baridi kabisa. Nilikuona unatoka ku maji na bidoni, na miye nikakosa namna ya kupita. Nilisimama sababu yako. Toka ile siku, kila mara ninasimama sababu yako."